Kifaa Hakifi kwa Bahati Mbaya Tu
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya maneno mawili ambayo tumeyazoea mno hata hayatushtui tena. Maneno yenyewe ni "bahati mbaya". Redio ikinyamaza, twasema ni bahati mbaya. Simu ikikataa kuwaka, bahati mbaya. Kompyuta ikizimika katikati ya kazi, twatikisa kichwa, twaifunika kitambaa, kisha twaisukuma kwenye kona pamoja na nyingine zilizotangulia. Hakuna aulizaye imekufa kwa ugonjwa gani. Mimi naona maneno haya yametugharimu sana. Vifaa hivi vina maradhi yanayojulikana, maradhi hayo yana sababu, na watu wanaouliza sababu hupata faida ambayo sisi tunaikosa.

Wasomaji wengine watasema, "Hayo ni mambo ya mafundi, yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mwaka jana, katika zahanati ya kijijini kwetu, taa za umeme wa jua zilizimika zote usiku, na shangazi yangu akajifungua kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mama mkwe wake. Mama na mtoto walisalimika, twamshukuru Mungu. Kulipokucha ilionekana kwamba paneli zilikuwa nzima na betri zilikuwa nzima. Kilichokufa ni kisanduku kidogo kinachopokea umeme wa paneli na kuwapa betri kwa kiasi. Kilikuwa kimepigiliwa juu ukutani, chini kidogo ya bati, mahali ambapo mchana joto lake ni kama la tanuri. Fundi aliyekuja alikifungua, akakinusa, akasema, "Transista zimeungua. Bahati mbaya." Kisha akafunga kipya mahali pale pale.

Nauliza: hiyo ni bahati gani ambayo mtu anaijengea nyumba na kuikaribisha irudi?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Shaba hupitisha umeme, kioo huuzuia. Katikati yao viko vitu visivyo huku wala kule, vinavyopitisha umeme kwa masharti. Vitu hivyo huitwa semikondakta, na maarufu kuliko vyote ni silikoni, ambayo asili yake ni mchanga. Silikoni safi ikitiwa chembe kidogo mno za fosforasi au boroni, hupata tabia ambayo mtu aweza kuitawala: ukiweka volti kidogo hapa, umeme hupita pale, ukiiondoa, umeme husimama. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ya mlango ni transista. Ya kwanza ilifanya kazi Desemba 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, nayo ilikuwa kubwa kiasi cha kushikwa kwa vidole. Leo kipande kimoja cha silikoni kinachotosha juu ya kucha hubeba transista mabilioni.

Udogo huo ndio nguvu yake, na udogo huo huo ndio udhaifu wake. Mlango mzito wa ngome haujali mchwa mmoja. Lakini mlango ambao unene wake wahesabika kwa atomu utatikiswa hata na kitu kisichoonekana kwa macho. Adui zake ni wawili wakubwa: mionzi, na mateso ya kila siku kama joto na umeme usio na kipimo. Nianze na mionzi, maana huyo ndiye adui tunayemdhania yuko mbali.

Mwaka 1912 mwanasayansi wa Austria, Victor Hess, alipanda angani kwa puto akiwa na vyombo vya kupimia mionzi. Alifika kama mita 5,300, ambayo ni chini ya kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Wakati ule wengi walidhani mionzi yote hutoka ardhini, na kwamba ukipanda juu itapungua. Yeye aliona kinyume: alipofika juu sana mionzi ilizidi. Hivyo akafahamu kwamba mingine yatoka nje ya dunia, na mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo twajua kwamba ni protoni na viini vya atomu vinavyokimbia kwa kasi kubwa. Vikigonga hewa iliyo juu yetu huzaa chembe nyingine, zikiwemo nyutroni, nazo huteremka mpaka hapa tulipo. Hewa ndiyo blanketi letu. Katika kimo cha ndege za abiria, kilomita 10 hadi 12, nyutroni hizo ni mara mia kadhaa kuliko zile za ufukweni. Na nje kabisa ya hewa iko mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa mwaka 1958, ambamo elektroni na protoni zimenaswa na nguvu ya sumaku ya dunia.

Mionzi huidhuru semikondakta kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuondoa atomu mahali pake. Atomu za silikoni zimejipanga kama wanafunzi wa gwaride. Chembe nzito ikipiga, mmoja hurushwa nje ya mstari, na pengo hubaki. Umeme unaopita hujikwaa kwenye pengo hilo. Ndiyo maana paneli za umeme wa jua za setilaiti huzidi kudhoofika kadiri zinavyokaa angani.

Njia ya pili ni kama kutu. Ndani ya transista mna utando mwembamba wa oksaidi ya silikoni ambao hauruhusu umeme kupita. Mionzi ikipita humo hung'oa elektroni na kuacha chaji iliyonasa, haba na haba, mpaka kibaba kinajaa. Siku moja mlango ambao ulipaswa kufungwa unabaki wazi, ingawa hakuna aliyeufungua.

Njia ya tatu ni ya ghafula, nami nitaieleza kwa mchezo wa bao. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama bao refu lenye mashimo mabilioni. Shimo lenye kete ni moja. Shimo tupu ni sifuri. Chembe moja ikipita hutia kete pasipo na kete, au huinyakua iliyokuwapo. Bao halikuvunjika, wala shimo halikutoboka. Lakini hesabu imeharibika, na wachezaji hawakuona mkono wa mtu.

Sasa natoa mfano wa watu waliokataa kusema bahati mbaya. Tarehe 10 Julai 1962 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo Telstar, mpira wa kilo 77 uliofunikwa kwa paneli za jua, wenye transista zaidi ya elfu moja ndani yake. Hiyo ndiyo iliyopitisha picha za televisheni moja kwa moja kati ya Marekani na Ulaya kwa mara ya kwanza. Lakini siku moja tu kabla yake, tarehe 9 Julai, Marekani hiyo hiyo ilikuwa imelipua bomu la nyuklia la megatoni 1.4 angani juu ya Bahari ya Pasifiki, kilomita 400 kutoka usawa wa bahari. Mlipuko ule, ulioitwa Starfish Prime, ulijaza elektroni nyingi katika mikanda ya angani. Taa za barabarani zikazimika Honolulu, mwendo wa kilomita 1,400 na zaidi, na setilaiti kadhaa zikaharibika katika miezi iliyofuata, ikiwemo Ariel 1, setilaiti ya kwanza ya Uingereza.

Telstar ilipita ndani ya mikanda hiyo mara kwa mara. Mwezi Novemba 1962 iliacha kusikia amri kutoka duniani. Fikirini, wasomaji: kifaa kiko maelfu ya kilomita juu, hakishikiki, hakifunguliki. Nani angewalaumu wahandisi kama wangekunja mikono? Hawakukunja. Walichukua transista za aina ile ile, wakaziweka kwenye mionzi katika maabara, wakatazama zinavyougua. Wakaona kwamba dhara lilikuwa juu ya uso wa transista, na kwamba transista ikiondolewa volti kwa muda huweza kupata nafuu. Basi wakabuni namna ya kutuma ishara zilizozipumzisha transista zilizougua. Mwanzoni mwa Januari 1963 Telstar ikaitikia tena. Iliishi wiki kadhaa zaidi, ikanyamaza kabisa tarehe 21 Februari 1963. Lakini kwa maiti yake watu walijifunza, na Telstar ya pili, iliyorushwa Mei 1963, ilipewa transista zenye kustahimili mionzi zaidi. Mwaka huo huo mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Moscow wa kukataza majaribio ya nyuklia angani na baharini. Sisemi kwamba mkataba ule uliletwa na transista. Nasema kwamba anayetafuta chanzo cha ugonjwa hujua na la kukataza.

Mfano wa pili wafundisha kwamba adui huweza kutoka nyumbani. Katika miaka ya 1970 kumbukumbu za kompyuta za kampuni ya Intel zilikuwa zikipatwa na makosa yasiyoeleweka. Kifaa kikipimwa ni kizima, kikitumiwa kinakosea, kikipimwa tena ni kizima. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa kampuni hiyo, Timothy May na Murray Woods, walieleza chanzo. Udongo wa kauri uliofinyangwa kuwa gamba la kukilinda kifaa ulikuwa na chembe kidogo sana za urani na thori. Hizo zilitoa mionzi ya alfa, nayo ikageuza kete kwenye mashimo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa kweli nguoni, maana gamba ndilo nguo ya kifaa. Baada ya hapo watengenezaji wakaanza kuchagua udongo na vifaa visafi zaidi.

Nafahamu kwamba mpinzani wangu amekwisha kunyanyua mkono. Atasema, "Chembe kutoka angani ikianguka juu ya kompyuta yangu na si ya jirani, hiyo si bahati mbaya ni nini?" Swali hili ni zuri, na sitalikwepa. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003 nchini Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek, karibu na Brussels, alionekana amepata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Kura zikahesabiwa upya, ikaonekana kompyuta ilikuwa imemzidishia kura 4,096 kamili. Mwanafunzi yeyote wa hesabu atatambua namba hiyo: ni mbili kwa kipeo cha 12. Maana yake ni kwamba shimo moja tu katika bao lile lilipata kete isiyo yake. Wataalamu hawakukuta kosa katika programu, wakaona kwamba inaelekea biti moja iligeuka yenyewe, na mionzi ya angani ikawa mshukiwa wa kwanza. Chembe kama hiyo haiachi alama ya mguu, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa.

Basi nakubali: mahali itakapoangukia chembe fulani ni bahati. Lakini tazameni kilichowaokoa wapiga kura wale. Kura zao zilikuwa zimewekwa mahali ambapo zingeweza kuhesabiwa mara ya pili, na kulikuwa na mtu aliyeitilia shaka namba isiyowezekana. Vivyo hivyo wajenzi wa kompyuta za angani huweka tatu zifanye hesabu moja. Mbili zikikubaliana na moja ikipinga, ile moja haisikilizwi. Kumbe hata bahati mbaya yawekewa akiba. Mvua nayo hunyesha bila kutuuliza, lakini mwenye nyumba isiyoezekwa hatasema amelowa kwa bahati mbaya.

Sasa nirudi kwa adui wa pili, ambaye ndiye anayekula vifaa vyetu hapa nchini kila siku. Huyo ni mateso: joto, kupanuka na kusinyaa, na umeme unaoruka.

Joto huharakisha kila ugonjwa ndani ya semikondakta. Mafundi wana kanuni ya kukadiria, kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 za Sentigredi, uhai wa kifaa hupungua kama nusu. Si sheria ya kila kifaa, lakini yatosha kuonya. Ndani ya kipande cha silikoni mna nyaya nyembamba mno, na elektroni zipitazo humo huzisukuma atomu za waya polepole, kama mto unavyokula kingo zake. Mwaka 1969 mhandisi James Black alionyesha kwa hesabu jinsi joto na wingi wa umeme unavyofupisha maisha ya nyaya hizo. Mahali pengine atomu hulundikana, mahali pengine hubaki pengo, na siku moja waya hukatika.

Tena kuna kupanuka na kusinyaa. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, silikoni hurefuka kama sehemu 2.6 katika milioni, na shaba kama sehemu 17. Vitu viwili vilivyounganishwa kwa lehemu, kimoja kikitanuka mara sita kuliko mwenziwe, mchana vikivutana na usiku vikirudiana, mwisho wake ni nini? Lehemu hupata ufa. Na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kile kisanduku cha zahanati yetu kilipashwa moto na bati kila mchana, kikapozwa kila usiku, na wakati wa jua kali ndipo transista zake zilipokuwa na kazi nyingi kuliko saa zote. Hakikufa kwa bahati mbaya. Kiliuawa na msumari uliokitundika pale.

Mateso ya tatu ni umeme unaoruka. Sisi tunaoishi Kanda ya Ziwa twajua radi. Radi haina haja ya kupiga nyumba yenyewe. Ikipiga karibu na nguzo, hutuma wimbi la volti katika nyaya, na utando mwembamba wa transista hupasuka mara moja. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo hufanya vivyo hivyo. Hata mwili wa mtu huweza kudhuru. Mtu haanzi kuhisi cheche ya sweta ya nailoni mpaka ifike volti elfu chache, lakini ziko semikondakta zinazoharibiwa na volti mia moja au chini yake. Mtu anaigusa bodi ya kompyuta, hahisi kitu, na amekwisha kuiua.

Katika chumba chetu cha kompyuta kuna mashine 20, na 11 kati yake zimelala. Muhula huu mimi na wenzangu wawili tulipata ruhusa ya mwalimu wetu wa fizikia kuzifungua na kuandika tulichokiona. Nne zilikufa jioni moja ya radi mwezi Aprili. Zote nne zilikuwa zimeachwa kwenye plagi, na zote zina pawasaplai iliyoungua. Tatu feni zake zimezibwa na vumbi mpaka hazizunguki, na vipande vyake vikuu vimeungua kwa joto. Mbili zilikufa mara umeme uliporudi baada ya kukatika. Mbili zilizobaki bado zinachunguzwa. Basi katika 11, tisa zina cheti cha kifo. Hata moja haikufa "yenyewe".

Nimesikia maneno mengine ambayo hayanipendezi, kwamba mashine za msaada hazidumu kwa kuwa ni za bure. Transista haijui nani aliyeilipia. Aliyeinunua na aliyepewa, wote wawili wakiifunika plastiki inapofanya kazi, itakufa kwao wote kwa joto lile lile.

Wengine husema kwamba kifaa kizuri ni kile kilichozoea shida, nasi tukiacha vifaa viteseke vitakomaa. Hili nalo si kweli. Ni kweli kwamba watengenezaji huvitesa vifaa kabla ya kuviuza. Vile vya kazi nzito huachwa vikifanya kazi kwa nyuzi 125 kwa muda wa saa 160 au zaidi. Lakini shabaha si kuvikomaza. Shabaha ni kuvifahamu vile vilivyozaliwa na kasoro, vife kiwandani visije vikafia kwenye ndege au hospitali. Kilichopona hakikuongezewa nguvu, kimejulikana tu. Mateso hayafundishi silikoni kitu. Jaribio humfundisha mtu anayelitazama na kuandika.

Nipeni nafasi ya mfano wa mwisho, kwa kuwa huu ni wa juzi na waunganisha maadui wote wawili. Mwezi Mei 2024 wahandisi wa NASA nchini Marekani walikuwa wamekwisha kuunda chombo kiitwacho Europa Clipper, kitakachotazama Europa, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii, mahali penye mionzi mikali kupita kiasi. Ilibaki miezi michache kirushwe. Ndipo wakapata habari kwamba transista za aina iliyofungwa ndani yake zilikuwa zinashindwa kwa mionzi kidogo kuliko ilivyoahidiwa. Chombo kimekwisha kufungwa, tarehe imekaribia. Hawakusema "tuombe Mungu tu". Kwa miezi kadhaa waliziweka transista za namna ile kwenye mionzi na kuzipima usiku na mchana. Wakagundua kwamba chombo kitapita katika mionzi mikali kwa muda wa siku moja hivi katika kila mzunguko wa siku 21, na kwamba katika siku zilizobaki transista zikipashwa joto kidogo, chaji iliyonasa huachia na transista hupona kwa sehemu. Chombo kilirushwa tarehe 14 Oktoba 2024, na kinatarajiwa kufika mwaka 2030.

Oneni ajabu hiyo: joto linaloua kisanduku chini ya bati ndilo linaloponya transista karibu na Mshtarii. Tofauti ni nini? Ni kipimo, na kipimo hakipatikani kwa asiyepima.

Na msidhani mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kutazama mionzi ya eksi kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kwa kuwa ilirushwa karibu na ikweta, iliweza kuzunguka dunia juu ya ikweta. Njia hiyo ina faida moja: haipiti katikati ya eneo la Atlantiki ya Kusini, ambako mikanda ya mionzi hushuka karibu zaidi na dunia. Darubini ya angani iitwayo Hubble, ambayo njia yake hupita huko, husimamisha kazi ya kutazama kila inapolivuka eneo hilo. Basi pwani yetu ya Afrika Mashariki yenyewe yatufundisha kwamba kuchagua mahali pa kukiweka kifaa ni nusu ya kukilinda. Aliyechagua ikweta kwa ajili ya setilaiti na aliyechagua ukuta wa chini ya bati kwa ajili ya kisanduku, wote wawili walichagua. Mmoja alifikiri kwanza.

Mtu atasema, "Wale wana maabara na fedha, sisi hatuna." Nakubali kwamba hatuna maabara ya mionzi. Lakini katika vitu tisa vilivyokufa hapa shuleni, hakuna hata kimoja kilichohitaji maabara ili kiokolewe. Kwa hiyo natoa mapendekezo manne, nami naomba uongozi wa shule na wenzangu wayatazame.

La kwanza, liwepo daftari la mashine. Kila kifaa kiwe na ukurasa wake, na kikifa iandikwe siku, saa, hali ya hewa, na kilichoonekana ndani. Daftari la kurasa 200 latosha miaka mitano.

La pili, awepo kiranja wa zamu wa kuchomoa plagi zote wingu la radi likionekana, na kila jioni chumba kinapofungwa. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi.

La tatu, feni na matundu ya mashine yasafishwe kila mwanzo wa muhula, madirisha yafunguliwe wakati wa kazi, na vitambaa vya kufunikia viwekwe mashine zikiwa zimezimwa na kupoa.

La nne, kazi muhimu isiwekwe mahali pamoja tu. Alama za mitihani na orodha za wanafunzi ziwe na nakala ya pili, tena ya karatasi, ili siku kete ikigeuka katika shimo pawepo shahidi mwingine.

Na kwa wale watakaorudi vijijini likizo hii, naomba jambo moja dogo. Tazameni kilipotundikwa kile kisanduku cha umeme wa jua katika zahanati yenu. Kama kiko chini ya bati, mwambieni mganga kwa adabu kwamba kikiteremshwa mpaka kimo cha kifua, kivulini, penye hewa, kitaishi zaidi. Gharama yake ni waya kidogo na misumari minne.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: ukiona vyazama, navyo vina sababu. Tukiendelea kusema bahati mbaya, tutabaki wanunuzi wa vifaa vya wengine na wachimbaji wa makaburi yake. Siku tutakapoanza kuuliza "kwa nini" na kuliandika jibu, hata kama ni kwa penseli, ndipo tutakapokuwa tumeanza kuwa mafundi.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne